Vali Mpya, Misuli Ileile: Mazoezi ya Viungo Baada ya Upasuaji wa Moyo

Mwanafunzi aliyefanyiwa upasuaji wa vali ya moyo anaporejea shuleni, aghalabu huja na vitu viwili: kovu refu lililosimama wima katikati ya kifua, na cheti cha daktari kisemacho kwamba asifanye kazi nzito. Cheti hicho huwa kimeandikwa kwa ajili ya majuma machache ya mwanzo. Lakini tarehe yake husahauliwa upesi. Mtoto huyo huketi chini ya mwembe wenzake wakikimbia, muhula huu na muhula ujao, na pengine hadi amalize kidato cha nne. Hakuna amtakiaye mabaya. Wengi huamini tu kwamba moyo ulioshonwa ni kama chungu kilichoungwa: kikikaa rafuni hudumu, kikitiwa motoni hupasuka.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini desturi hiyo, ingawa chanzo chake ni huruma, humdhuru mgonjwa. Daktari wa upasuaji hutengeneza vali. Hatengenezi misuli ya miguu, ya mikono na ya kifua iliyodhoofika kwa miaka ya ugonjwa na kwa siku nyingi za kulala kitandani. Misuli hiyo haina dawa nyingine ila kutumiwa, kwa kipimo na kwa utaratibu. Ili kulithibitisha jambo hili tutatumia elimu ya viumbe na hesabu nyepesi ambazo msomaji wa sekondari anazo tayari.

MOYO NA VILANGO VYAKE

Moyo ni pampu ya msuli yenye vyumba vinne: auriko mbili juu na ventriko mbili chini. Damu hupita upande mmoja tu kwa sababu ya vali nne, ambazo ni vilango vya utando mwembamba. Vali hazifunguki kwa nguvu zake zenyewe. Hufunguliwa na kufungwa na tofauti ya kanieneo baina ya upande mmoja na mwingine, kama mlango unaosukumwa na upepo. Upande wa kulia kuna vali ya trikuspidi na vali ya ateri ya mapafu. Upande wa kushoto, ambako kanieneo ni kubwa zaidi, kuna vali ya mitrali baina ya auriko na ventriko, na vali ya aota kwenye mwanzo wa ateri kuu ya mwili. Vali hizi mbili za kushoto ndizo ziharibikazo mara nyingi.

Huko Ulaya na Marekani, vali nyingi zinazotengenezwa siku hizi ni za wazee, ambao vali yao ya aota imekakamaa kwa kujaa madini ya kalisi. Kwetu Afrika ya Mashariki mambo ni mengine. Chanzo kikubwa hapa ni homa ya baridi yabisi, ambayo huwapata hasa watoto wa miaka 5 hadi 15. Homa hiyo hufuata maumivu ya koo yaletwayo na bakteria wa jamii ya streptokoki. Kinga ya mwili, katika kupigana na bakteria hao, hukosea adui na kuushambulia mwili wenyewe, moyo ukiwemo. Maumivu ya magoti na vifundo hupona. Makovu ya vali hubaki, na kila homa inaporudi huongezeka. Uchunguzi mkubwa ulioitwa REMEDY, uliowahusu wagonjwa 3,343 katika nchi 12 za Afrika (Kenya, Uganda na Rwanda zikiwa miongoni) pamoja na India na Yemen, ulionyesha kwamba nusu ya wagonjwa walikuwa na umri usiozidi miaka 28, na kwamba yapata thuluthi mbili walikuwa wanawake. Hawa si watu waliokwisha kustaafu. Ni watu wa kusoma, kulima, kuzaa na kulea, na moyo wanaorudishiwa hospitalini una kazi ya miaka mingi mbele yake.

KWA NINI MGONJWA HUTWETA

Kabla ya kuzungumzia mazoezi baada ya upasuaji, yafaa kuelewa kwa nini kabla ya upasuaji mazoezi yalikuwa mateso. Tuchukue vali ya mitrali iliyosinyaa. Kwa mtu mzima mwenye afya, uwazi wa vali hiyo ni sentimita za mraba 4 hadi 6. Makovu yakiunganisha kingo zake, uwazi huo waweza kupungua hadi chini ya sentimita ya mraba 1.5, na hapo ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali.

Damu hupita katika vali hiyo wakati ventriko imelegea tu, yaani kati ya pigo na pigo. Moyo ukipiga mara 70 kwa dakika, kila mzunguko huchukua sekunde 0.86 hivi. Ventriko hujikaza kwa muda wa karibu sekunde 0.32, na zinazobaki, yaani 0.54, ni za kujaza damu. Zidisha kwa 70, utaona kwamba katika kila dakika moyo una takriban sekunde 38 za kujaza. Sasa mgonjwa apande kilima, moyo ufikie mapigo 150. Kila mzunguko ni sekunde 0.40, na kujikaza huchukua kama sekunde 0.22. Zimebaki 0.18 za kujaza. Zidisha kwa 150, ni sekunde 27 tu kwa dakika. Kwa hiyo mwili unadai damu maradufu au zaidi, kilango ni chembamba, na muda wa kupita umepungua kwa zaidi ya robo! Damu hurundikana nyuma, katika auriko na katika mapafu, na mgonjwa hutweta kama mtu anayezama.

Mtu wa namna hiyo hujifunza, bila kufundishwa, kukaa kitako. Huacha kwenda kisimani, kisha huacha kwenda sokoni, kisha huacha kupanda ngazi. Hali hii yaweza kuendelea miaka mitatu au kumi. Tulishike jambo hili, kwa kuwa tutalirudia.

KAZI YA DAKTARI WA UPASUAJI

Historia ya upasuaji huu ni fupi. Mwaka 1925 huko London, Henry Souttar aliingiza kidole ndani ya moyo wa msichana mmoja, moyo huohuo ukiwa unapiga, akaipanua vali ya mitrali iliyosinyaa. Msichana alipona, lakini madaktari wenzake hawakumpelekea mgonjwa mwingine wa namna hiyo. Mwaka 1953 huko Philadelphia, John Gibbon alifaulu kwa mara ya kwanza kumpasua mgonjwa moyo huku mashine ikishika kazi ya moyo na mapafu. Mwaka 1960, daktari Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards wa jimbo la Oregon walitengeneza vali iliyokuwa tufe dogo ndani ya kizimba cha chuma, ambalo huinuka damu ipite na kushuka kuzuia isirudi. Edwards alikuwa mtaalamu wa mitambo ya vimiminika, na hilo halipasi kumshangaza mwalimu wa fizikia.

Leo daktari ana njia kadhaa: kuipanua vali kwa puto lipitishwalo katika mshipa wa damu, kuikarabati, au kuibadilisha kwa vali ya madini au kwa vali iliyotengenezwa kwa tishu za mnyama. Vali ya tishu huchakaa mapema zaidi katika mwili wa kijana. Vali ya madini hudumu, lakini humlazimu mwenye nayo kunywa dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote. Hapa kwetu upasuaji wa moyo uliofunguliwa ulianza Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaanzishwa hapo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

Ili kuufikia moyo, daktari huukata mfupa wa kidari kwa msumeno, kutoka juu hadi chini. Kazi ikiisha huufunga kwa nyaya za chuma. Ndiyo kusema kwamba mgonjwa huyu, pamoja na yote mengine, ana mfupa uliovunjika. Kama mfupa mwingine wowote, kidari huchukua majuma 6 hadi 12 kuunga barabara. Marufuku mengi yaliyomo katika cheti cha daktari yanahusu mfupa huo kuliko yanavyohusu moyo.

KILE AMBACHO KISU HAKIKIGUSI

Mwaka 1870 mtaalamu wa Kijerumani Adolf Fick alieleza kanuni ambayo hadi leo ni msingi wa somo hili. Oksijeni itumiwayo na mwili kwa dakika, alisema, ni sawa na kiasi cha damu isukumwayo na moyo kwa dakika kikizidishwa kwa tofauti ya oksijeni baina ya damu iendayo kwenye misuli na damu irudiyo.

Tuiweke kanuni hii katika tarakimu. Mtu aliyetulia, mapigo 70, kila pigo likitoa mililita 70, husukuma takriban lita 5 kwa dakika. Kila lita ya damu ya ateri hubeba mililita 200 hivi za oksijeni, na damu irudiyo moyoni bado ina 150. Tofauti ni 50. Lita 5 mara 50 ni mililita 250 za oksijeni kwa dakika. Kijana mwenye afya akikimbia kwa nguvu zake zote, moyo wake waweza kusukuma lita 20, na misuli ikanyonya oksijeni hata ikabaki 50 tu katika kila lita. Tofauti sasa ni 150, na 20 mara 150 ni mililita 3,000. Matumizi yameongezeka mara 12, ingawa kazi ya moyo imeongezeka mara 4 tu. Mara 3 zilizobaki zimetoka wapi? Zimetoka kwenye misuli.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanadhani nguvu ya mtu ni nguvu ya moyo wake peke yake. Msuli uliozoea kazi una kapilari nyingi zinazouzunguka, na ndani ya seli zake mna mitokondria nyingi, ambazo ndizo tanuri zinazoitumia oksijeni. Msuli uliokaa bure hupoteza vyote viwili. Damu huupita ikiwa bado na oksijeni yake, kama gari la maji lipitalo katika mtaa ambao watu hawana ndoo.

Tutoe mfano wa hesabu tu. Tuseme kwamba baada ya upasuaji moyo wa msichana fulani waweza kusukuma hadi lita 12 kwa dakika, na misuli yake dhaifu hunyonya mililita 110 kutoka kila lita. Atatumia mililita 1,320. Baada ya miezi ya mazoezi, moyo ukiwa uleule wa lita 12, misuli ikafikia kunyonya 140, atatumia mililita 1,680. Amepata zaidi ya robo ya nguvu zake bila moyo kusukuma hata tone moja la ziada. Kwa hakika atapata zaidi ya hapo, maana mazoezi hufundisha pia mishipa midogo ya damu kutanuka, na ventriko ya kushoto ikawa inasukuma dhidi ya upinzani mdogo zaidi.

Na kukaa bure je? Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana watano wenye afya njema, wa miaka 19 hadi 21, walikubali kulala kitandani kwa siku 20 mfululizo. Upeo wao wa kutumia oksijeni, ambao kwa wastani ulikuwa lita 3.3 kwa dakika, ulishuka hadi 2.4. Walikuwa wamepoteza zaidi ya robo kwa majuma matatu. Kisha walifanya mazoezi kwa majuma 8 hivi, nao wakapanda hadi 3.9. Wanaume haohao walipimwa tena mwaka 1996, wakiwa na miaka 50 hivi. Walikuwa wamezeeka na kunenepa, lakini uwezo wao ulikuwa umepungua kwa kiasi kidogo kuliko ulivyopungua zile siku 20. Kwa maneno mengine, majuma matatu ya kitanda yaliwadhuru kuliko miaka 30 ya uzee. Ikiwa hivyo ndivyo kwa vijana wazima, tufikiri hali ya mgonjwa aliyeanza na moyo mbovu.

Kuna jambo jingine ambalo mara nyingi husahauliwa. Upasuaji hupunguza damu. Kila gramu ya himoglobini hubeba mililita 1.34 za oksijeni, kwa hiyo mtu mwenye gramu 15 katika mililita 100 za damu hubeba karibu 200 kwa lita. Mgonjwa akitoka hospitalini akiwa na gramu 10, kila lita hubeba 134 tu. Uchovu wa majuma ya kwanza si uvivu wala si ishara kwamba vali imeharibika. Chakula chenye madini ya chuma, kama maharage, dagaa na nyama, ni sehemu ya matibabu.

USHAHIDI UNASEMAJE

Zamani mgonjwa wa moyo aliamriwa kulala, na mtoto mwenye homa ya baridi yabisi aliweza kuwekwa kitandani kwa miezi. Mwaka 1952, Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston walitangaza kwamba wagonjwa waliopatwa na shambulio la moyo hupona vizuri wakiondolewa kitandani na kuketishwa kitini mapema. Neno hilo lilizua ubishi mkubwa. Tangu hapo mazoezi yamekuwa sehemu ya matibabu ya wagonjwa ambao mishipa ya moyo imeziba. Wagonjwa wa vali walichunguzwa baadaye, na kwa uchache.

Huko Denmark, wagonjwa 147 waliofanyiwa upasuaji wa vali waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata majuma 12 ya mazoezi, mara 3 kwa juma, pamoja na mazungumzo na wauguzi. Jingine lilipata huduma ya kawaida. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016. Baada ya miezi 4, upeo wa kutumia oksijeni ulikuwa mililita 24.8 kwa kila kilo ya uzito kwa dakika katika kundi la mazoezi, na 22.5 katika kundi la pili. Tofauti hiyo ni ya karibu sehemu moja katika kumi. Hata hivyo, hali ya nafsi ya wagonjwa, yaani furaha na wasiwasi wao, haikuonekana kutofautiana, na malalamiko madogomadogo yalikuwa mengi zaidi kwa waliofanya mazoezi. Mapitio ya mwaka 2021 yalikusanya majaribio 6 yenye wagonjwa 364 kwa jumla. Yalikubali kwamba mazoezi huongeza uwezo wa mwili, lakini idadi hiyo ilikuwa ndogo mno kuamua kama yanapunguza vifo.

Mwalimu mwangalifu atauliza: majaribio hayo, ambayo wagonjwa wake wengi walikuwa watu wa makamo na wazee wa nchi tajiri, yanamhusu nini kijana wa Mbeya au wa Kisumu? Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba kanuni ya Fick haina taifa, na kwamba misuli ya kijana huitikia mazoezi upesi kuliko ya mzee. Lakini vijana wetu aghalabu hufika kwa daktari wakiwa wamechelewa, ventriko imechoka na kanieneo katika mapafu imepanda. Kwa hiyo kipimo cha mazoezi lazima kitokane na uchunguzi wa mgonjwa mwenyewe, hasa picha ya moyo ipigwayo kwa mawimbi ya sauti, wala si kwa kukisia.

MAZOEZI YENYEWE

Mazoezi huanza wodini. Mgonjwa akishazinduka vyema huketishwa, hufundishwa kuvuta pumzi ndefu na kukohoa huku amekumbatia mto kifuani ili kidari kisitikisike, na baada ya siku moja au mbili hutembezwa. Akienda nyumbani, hutembea mahali tambarare, dakika 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku, akiongeza dakika chache kila juma. Asubuhi na jioni ni bora kuliko jua la mchana. Kutembea ni zoezi la thamani kubwa kwa sababu misuli mikubwa ya miguu hujikaza na kulegea kwa zamu na kuisaidia damu kurudi moyoni.

Kunyanyua mzigo ni jambo tofauti kabisa. Anayenyanyua kitu kizito hubana pumzi, hukaza kifua, na kanieneo ya damu hupanda ghafla, na juu ya hayo kidari huvutwa pande mbili. Katika majuma hayo 6 hadi 12 mgonjwa hukatazwa kunyanyua zaidi ya kilo chache. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20. Kutwanga kwa mchi, kulima kwa jembe, kupasua kuni, kumpakata mtoto mkubwa na kujivuta kwa mikono kupanda kitanda cha juu bwenini, vyote vimo katika marufuku hiyo. Yafaa mwalimu wa zamu alijue hili, kwani katika shule nyingi mwanafunzi husamehewa mbio na kisha akatumwa maji.

Kidari kikishaunga na daktari akikubali, ndipo mazoezi ya kujenga mwili yanapoanza: mara 3 kwa juma au zaidi, dakika 30 hadi 40, zikiwemo dakika 5 hadi 10 za kupasha mwili moto mwanzoni na za kuupoza mwishoni. Kutembea kwa kasi, baiskeli isiyosogea, ngoma ya mwendo wa wastani, na baadaye mbio pole, vyote vinafaa. Palipo na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yeye ndiye wa kuongoza. Majuma ya kwanza hasa yanahitaji jicho lake.

Nguvu ya zoezi hupimwaje? Kwa mtu mzima wa afya tungehesabu mapigo ya mshipa. Kwa mgonjwa wetu hesabu hiyo yaweza kudanganya, maana baadhi hunywa dawa za kupunguza kasi ya moyo, na wengine auriko zao hutetemeka ovyo hata mapigo yakakosa mpangilio. Kwa hiyo hutumiwa kipimo cha Gunnar Borg wa Sweden, kinachoanzia 6 hadi 20, ambacho mgonjwa mwenyewe husema anaona ugumu kiasi gani. Mwanzoni hutakiwa abaki kati ya 11 na 13, yaani kuanzia wepesi hadi ugumu wa kadiri. Asiye na karatasi ya kipimo atumie ulimi wake: akiweza kuzungumza na mwenzake lakini asiweze kuimba, yupo mahali pake. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze mwendo.

Maendeleo hupimwa kwa njia nyepesi ambayo hata kijiji chaweza kuifanya. Pimeni mita 30 mahali tambarare, wekeni alama mbili, mgonjwa atembee kwenda na kurudi kwa dakika 6, kisha hesabuni mita alizotembea. Mgonjwa aendaye mita 300 leo na mita 390 baada ya miezi mitatu hahitaji kuambiwa na mtu kwamba amepona zaidi.

MAMBO YA KUANGALIA

Zoezi husimamishwa na daktari huarifiwa mara moja mgonjwa akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuzirai, kutweta akiwa ameketi, mapigo ya moyo kwenda mbio bila sababu, au miguu kuvimba. Hali kadhalika kidari kikilia au kucheza, au kidonda kikitoa maji. Homa katika mtu mwenye vali ya bandia isichukuliwe kuwa malaria tu: yaweza kuwa bakteria wameota juu ya vali, na hiyo ni hatari ya kifo. Kwa sababu hiyohiyo meno yake yatunzwe vizuri.

Anayekunywa warfarini ya kuzuia damu isigande hutokwa damu kwa urahisi. Ndondi, mieleka, judo na mchezo wa mpira wenye kugongana vichwa si vyake, hata akiwa na nguvu za simba. Asinywe dawa za maumivu bila kumwuliza daktari, kwa kuwa aspirini na jamaa zake huongeza kutoka damu. Mboga za majani, kama mchicha, kisamvu na matembele, zina vitamini K ambayo hupinga nguvu ya warfarini. Haimaanishi aziache, maana yake ale kiasi kilekile kila juma, ili daktari apange dawa kulingana na chakula chake. Binti aliyeolewa au anayekaribia kuolewa azungumze na daktari kabla ya kushika mimba, maana warfarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Na sindano ya penisilini ya kila majuma matatu au manne iendelee. Vali moja imebadilishwa, tatu bado ni zake, na homa ya baridi yabisi haijui ipi imetengenezwa.

KAZI YA DARASANI

Wanafunzi wenye afya wapime mapigo yao kwenye kifundo cha mkono wakiwa wameketi, kisha wapande na kushuka kijiti au kidato kimoja kwa dakika 3, wapime tena mara tu wanapoacha, na baada ya dakika 1, 2 na 3. Wachore grafu ya mapigo dhidi ya muda. Watalinganisha grafu ya mcheza mpira na ya asiyecheza, nao waeleze kwa nini moja hushuka upesi kuliko nyingine. Mwanafunzi aliyefanyiwa upasuaji aandike tarakimu na kuchora, asipande kidato mpaka daktari aruhusu.

Maswali ya kufikiri ni haya. Mtu mwenye himoglobini ya gramu 12 katika mililita 100 hubeba mililita ngapi za oksijeni kwa lita ya damu? Moyo wake ukisukuma lita 15 kwa dakika, na damu irudiyo ikiwa na mililita 50 kwa lita, atatumia oksijeni kiasi gani? Je, akitaka kuongeza matumizi hayo, ni njia zipi tatu zilizomo katika kanuni ya Fick, na ipi kati ya hizo daktari wa upasuaji anaweza kuibadilisha kwa mkono wake?

La mwisho ni kwa walimu. Cheti cha daktari kilichoandikwa tarehe 10 Januari chasema: "Asinyanyue zaidi ya kilo 3 kwa majuma 12, atembee kila siku, arudi kupimwa." Leo ni tarehe 20 Mei. Ni nani shuleni mwenu mwenye daftari linaloonyesha kwamba marufuku hiyo iliisha mapema mwezi wa Aprili, na kwamba mtoto alirudi kupimwa?